Vitofali vya anga za juu: Yafaayo kuzingatiwa kabla ya kumnunulia mtoto

KWA mzazi anayelea watoto Karagita, mtaa ulio kando ya Barabara ya Moi South Lake viungani mwa mji wa Naivasha, pesa za kununulia vitu vya kuchezea hupatikana tu baada ya kodi ya nyumba, karo na chakula kulipiwa. Wengi wa wakazi ni wafanyakazi wa mashamba ya maua yanayozunguka Ziwa Naivasha, na aghalabu familia nzima huishi katika chumba kimoja ndani ya ploti yenye wapangaji wengi.

Hata hivyo, Desemba inapokaribia, watoto huanza kuomba. Miongoni mwa vitu vinavyowavutia ni maboksi ya vitofali vya plastiki vinavyoungana kuwa roketi, roboti au vyombo vya kusafiria angani vya aina inayoonekana katika filamu za bunilizi ya kisayansi.

Picha iliyo juu ya boksi huwa na mvuto mkubwa. Lakini kuna mambo matatu ambayo haimwambii mnunuzi: kama vipande vilivyomo ni salama kwa watoto wote wa nyumba hiyo, kama vitaendelea kushikana baada ya mwaka mmoja, na kama mtoto ataendelea kuvitumia baada ya kile chombo cha pichani kukamilika. Mzazi asiyeyachunguza mambo hayo huenda akatoa pesa za wiki nzima kwa furaha ya alasiri moja.

Vilikotoka

Kampuni inayojulikana zaidi kwa vitofali hivi ni Lego ya Denmark, iliyoanzishwa na seremala Ole Kirk Kristiansen mjini Billund mnamo 1932. Mwanzoni ilitengeneza vifaa vya mbao. Mwaka 1949 ilianza kuuza vitofali vya plastiki vilivyofuata kwa karibu vile vya Mwingereza Hilary Page, ambaye kampuni yake ya Kiddicraft ilikuwa imetangulia kuviuza mwaka 1947.

Vitofali hivyo vya awali vilikuwa na kasoro moja kubwa. Vilipangika vizuri lakini havikushikana imara. Mtoto akiinua alichojenga, kilivunjika. Suluhisho lilipatikana mnamo Januari 28, 1958, Lego ilipowasilisha ombi la hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa kitofali chenye mirija ndani yake. Vichomozo vya kitofali cha chini hubanwa kati ya mirija hiyo na kuta za kitofali cha juu, na hapo ndipo nguvu ya kushikana inapotoka.

Vipimo havijabadilika tangu wakati huo. Kutoka katikati ya kichomozo kimoja hadi katikati ya kingine ni milimita 8, na kimo cha kitofali bila vichomozo ni milimita 9.6. Kwa sababu hiyo, kitofali kilichotengenezwa mwaka 1958 bado huungana na kilichotoka kiwandani leo. Tangu 1963, plastiki inayotumika ni ile ngumu iitwayo ABS, ambayo haipindi wala kusinyaa upesi.

Uwezo wa vipande vichache kuzaa maumbo mengi ndio unaovipa thamani. Hesabu iliyofanywa kwa kompyuta na mwanahisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen ilionyesha kwamba vitofali 6 vya rangi moja, vyenye vichomozo vinane kila kimoja, vinaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765 tofauti. Mzazi anayedhani kwamba lazima anunue boksi kubwa afaa aikumbuke idadi hiyo.

Safari za angani ziliingia katika vitofali mwaka 1978, Lego ilipotoa seti zake za kwanza za anga za juu pamoja na wanasesere wadogo wenye mikono na miguu inayosogea. Mwaka uliofuata kilitoka chombo kilichoitwa Galaxy Explorer, chenye vipande 338. Vyombo hivyo havikutokana na filamu yoyote. Hadithi yake iliachiwa mtoto mwenyewe. Mambo yalibadilika mwaka 1999, kampuni hiyo ilipoanza kutoa seti za filamu za Star Wars kwa kibali cha wenye filamu.

Aina nne za seti

Seti za anga zinazopatikana leo, ziwe za Lego au za kampuni nyingine, zaweza kugawanywa katika makundi manne, na kila kundi lina mtu linayemfaa.

Kundi la kwanza ni la anga ya kubuniwa isiyofungamana na filamu yoyote. Humo mna vituo vya sayari za mbali, magari ya kuchimba madini mwezini na vyombo vya wanaanga wasio na majina. Mtoto hupata nafasi ya kutunga kisa chake, na vipande vingi huwa vya kawaida vinavyoweza kutumika kwingine.

Kundi la pili ni la filamu. Bei yake huwa juu zaidi kwa sababu sehemu ya pesa huenda kwa wenye haki za filamu hiyo. Aidha, vipande vyake vingi vimeundwa kufanana na chombo mahususi, hivyo mtoto asiyeijua filamu huona umbo lisilo na maana kwake. Seti hizi hufaa mtoto anayeipenda hadithi yenyewe, au mtu mzima anayekusanya.

Kundi la tatu ni la vyombo halisi. Mwaka 2017 ilitoka roketi ya Saturn V, iliyowapeleka wanadamu mwezini, ikiwa na vipande 1,969, idadi iliyochaguliwa kulingana na mwaka ambao mwanadamu alikanyaga mwezi kwa mara ya kwanza. Mwaka huo huo ilitoka seti ya vipande 231 iliyowaenzi wanawake wa shirika la anga la Marekani, akiwemo Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kwenda angani mwaka 1992. Seti hizo mbili hazipo tena katika orodha ya kampuni, lakini zinakanusha dhana kwamba roketi ni mchezo wa wavulana pekee.

Kundi la nne ni la seti ambazo vipande vilevile hujenga vitu vitatu tofauti. Mfano ni seti ndogo iliyotolewa mwaka 2023 yenye vipande 144, inayoweza kuwa chombo cha kwenda angani na kurudi, kisha ikabomolewa na kuwa mwanaanga, na baadaye kuwa chombo kingine. Kwa familia yenye uwezo wa kununua boksi moja tu, kundi hili ndilo lenye faida zaidi. Linamzoesha mtoto jambo ambalo seti nyingine humfanya aogope, yaani kubomoa alichojenga ili ajenge kingine.

Njia rahisi ya kuamua ni kuitazama picha ya boksi kwa makini. Chombo kilichojengwa kwa vitofali vya mraba, vibao vyembamba, magurudumu na bawaba kitamhudumia mtoto kwa miaka mingi. Chombo ambacho sehemu yake kubwa ni vipande viwili au vitatu vikubwa vilivyotoka kiwandani vikiwa na umbo la bawa au kichwa cha roboti kitajengwa mara moja na kusahaulika.

Umri na usalama

Umri ulioandikwa kwenye boksi una maana mbili. Ule wa juu, kama vile miaka 8 au 12, hueleza ugumu wa kazi. Mtoto mdogo mwenye subira na msaada wa mkubwa anaweza kuuvuka. Lakini onyo la kwamba kifaa hakiwafai watoto walio chini ya miaka 3 halihusiani na akili ya mtoto. Ni onyo la kukabwa koo.

Viwango vya kimataifa hupima hatari hiyo kwa kopo dogo la duara lenye upana wa milimita 31.7. Kipande kinachoingia ndani yake kinahesabiwa kuwa kinaweza kuziba njia ya hewa ya mtoto mchanga. Nyumbani, mzazi anaweza kutumia kiini cha karatasi ya msalani, ambacho ni kipana kidogo zaidi: kipande chochote kinachopita humo kisifikiwe na mtoto wa chini ya miaka 3.

Katika nyumba ya chumba kimoja, tahadhari hii ina uzito wa pekee. Mtoto wa miaka 9 anayejenga roketi sakafuni hana chumba chake cha kufungia mlango, na mdogo wake anayetambaa yuko hatua mbili kutoka hapo. Kabla ya kununua, mzazi afaa kuwahesabu watoto wote wanaoingia nyumbani, wakiwemo wa jirani, na kuamua vitofali vitachezewa wapi na vitahifadhiwa wapi. Juu ya kitanda cha juu au mezani, ndani ya sinia yenye ukingo, ni bora kuliko sakafuni.

Iwapo kuna mtoto mdogo nyumbani, vitofali vikubwa ni chaguo salama zaidi. Lego ilitoa vile viitwavyo Duplo mwaka 1969. Vina ukubwa maradufu kwa urefu, upana na kimo, na huungana na vile vidogo. Nchini Afrika Kusini, mpango unaojulikana kama Six Bricks huwafundisha watoto wa shule kuhesabu, kukumbuka na kusikiliza kwa kutumia vitofali 6 vikubwa pekee kwa kila mtoto.

Hatari nyingine huja na seti zenye taa na sauti, ambazo ni za kawaida katika vifaa vya anga. Betri ndogo za duara mfano wa kitufe, zikimezwa, zinaweza kuunguza koo la mtoto kwa muda wa saa chache. Sehemu ya betri lazima ifungwe kwa skrubu, na mtoto anayeshukiwa kumeza betri apelekwe hospitalini papo hapo, hata kama haonekani kuumwa. Sumaku ndogo zenye nguvu nazo ni za kuepukwa, kwani mbili zikimezwa huvutana ndani ya matumbo na kuyatoboa.

Halisi, linganifu na ghushi

Wanunuzi wengi huamini kwamba kitofali chochote kisicho cha Lego ni bandia. Sivyo ilivyo. Hataza ya 1958 iliisha zamani, na juhudi za kampuni hiyo kulimiliki umbo la kitofali kama alama ya biashara ziligonga mwamba. Mahakama ya Juu ya Canada iliikatalia mwaka 2005, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikafanya hivyo Septemba 14, 2010. Hoja ilikuwa kwamba umbo linalotokana na kazi ya kifaa haliwezi kumilikiwa na mtu mmoja milele.

Kwa hivyo, kampuni yoyote yaweza kutengeneza vitofali linganifu na kuviuza kwa jina lake yenyewe. Baadhi ni vizuri na bei yake ni nafuu. Kinachokatazwa ni kuiga jina, nembo, boksi, wanasesere au miundo iliyobuniwa na mwingine. Aprili 2019, polisi wa Shanghai, China, walivamia kiwanda kilichotengeneza seti za chapa ya Lepin, nyingi zikiwa nakala za seti za Lego, na kunasa bidhaa zilizokadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya yuan milioni 200. Humu nchini, biashara ya aina hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008.

Kwa mzazi, swali la sheria huambatana na swali la afya. Mtengenezaji anayeficha jina lake hana wa kumwajibisha iwapo rangi aliyotumia ina madini ya risasi. Bidhaa zinazoingizwa nchini kihalali hutarajiwa kuwa na kibandiko cha Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) cha bidhaa za kutoka nje. Boksi liwe na jina na anwani ya mtengenezaji, onyo la umri, na alama ya kiwango cha usalama kama vile EN 71 cha Ulaya au ASTM F963 cha Marekani. Boksi lisilo na lolote kati ya hayo halifai kununuliwa hata likiwa la bei ya kutupa.

Muuzaji akikubali kufungua mfuko mmoja, mnunuzi anaweza kujaribu mambo manne. Kwanza, anuse: plastiki yenye harufu kali ya kemikali irudishwe. Pili, asugue kwa kitambaa chenye maji: rangi isitoke. Tatu, apitishe kidole pembeni: kusiwe na makali. Nne, aunganishe vitofali viwili na kuning'iniza kimoja: kisianguke, lakini pia mtoto aweze kuvitenganisha bila kutumia meno. Kushikana hutegemea usahihi wa chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, na hapa ndipo viwanda hafifu hushindwa.

Bei na hesabu yake

Bei ya seti iliyo kwenye mitandao ya ng'ambo si bei ya Naivasha. Mzigo ukifika Mombasa au Nairobi, hutozwa ushuru wa forodha na kodi ya VAT ya asilimia 16, kisha gharama za usafiri na faida ya muuzaji huongezwa. Seti inayoonekana rahisi Ulaya huenda ikawa ghali mno inapofika rafuni hapa.

Wapenzi wa vitofali hugawanya bei kwa idadi ya vipande. Ng'ambo, senti 10 za dola kwa kipande huchukuliwa kuwa bei ya wastani. Chukua mfano wa boksi la Sh3,000 lenye vipande 250: kila kipande ni Sh12. Boksi la Sh1,500 lenye vipande 60 linaonekana rahisi, lakini kila kipande ni Sh25.

Hata hivyo, hesabu hiyo inaweza kupotosha. Baadhi ya seti hujazwa vipande vidogo kama punje ya mtama ili idadi ionekane kubwa. Kipimo kinachomfaa mzazi zaidi ni idadi ya vitu tofauti ambavyo mtoto anaweza kujenga. Ndiyo maana boksi la vitofali vya kawaida visivyo na mada yoyote, likiwa na rangi za kijivu, buluu na nyeusi na magurudumu machache, mara nyingi hutoa vyombo vingi vya angani kuliko boksi lenye picha ya chombo kimoja.

Njia nyingine ni mitumba. Vifaa vya kuchezea vilivyotumika huja nchini na kuuzwa kama nguo, na vitofali ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo haviharibiwi sana na matumizi. Mnunuzi aangalie kama vimepasuka, kama vina alama za meno, na kama vichomozo bado vimesimama. Vitofali vya Lego vina jina la kampuni juu ya kila kichomozo, jambo linalorahisisha kuvitambua ndani ya mfuko wenye mchanganyiko.

Kukosekana kwa kijitabu cha maelekezo kusimzuie mtu. Maelekezo ya Lego ni michoro isiyo na maneno, na kampuni hiyo imeyaweka mengi kwenye tovuti yake bila malipo. Mtoto asiyejua Kiingereza, au asiyeanza kusoma, huyafuata sawa na mwingine.

Vitofali vilivyonunuliwa vikiwa vimetumika vioshwe kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni kidogo, kisha vikaushwe kivulini. Maji ya moto huvipinda na kuua nguvu ya kushikana, nalo jua kali huvigeuza vile vyeupe kuwa vya manjano.

Wakusanyaji na ndoto ya faida

Kuna watu wazima wanaonunua seti hizi kwa kuzihifadhi. Seti nyingi huuzwa kwa miaka michache tu, na zikiondolewa sokoni bei ya zilizobaki hupanda. Watafiti Victoria Dobrynskaya na Julia Kishilova wa chuo cha HSE nchini Urusi walichunguza bei za seti 2,322 za kati ya 1987 na 2015, na kupata kwamba kwa wastani zilipanda thamani kwa takriban asilimia 11 kwa mwaka.

Matokeo hayo yamewafanya baadhi ya watu kuzilinganisha na hisa. Lakini wastani huficha mengi. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba seti nyingine zilipoteza nusu ya thamani. Tena zilizohesabiwa zilikuwa hazijafunguliwa, zikiwa na boksi safi, na soko lake liko Ulaya na Marekani. Mkusanyaji wa Naivasha angelazimika kulipa ushuru wa kuingiza na gharama za kuzituma tena ng'ambo, na faida ingeishia njiani.

Mfano wa chombo cha Millennium Falcon kutoka Star Wars unatosha. Seti yake kubwa ya 2007 ilipoondolewa sokoni, bei ilipaa kwa miaka. Mwaka 2017 kampuni ikatoa nyingine bora zaidi, yenye vipande 7,541, na waliokuwa wakiishikilia ile ya zamani wakaona thamani yake ikishuka. Hiyo mpya nayo iliuzwa kwa takriban dola 800, zaidi ya Sh80,000 kwa kiwango cha ubadilishaji cha mwaka huo, kiasi ambacho mchumaji maua hukipata kwa kufanya kazi miezi mingi.

Anayetaka kukusanya kwa mapenzi, si kwa biashara, anaweza kuanza na kidogo. Achague mada moja, kwa mfano vyombo halisi vya angani au roboti pekee. Aandike katika daftari namba ya kila seti, tarehe na bei aliyonunulia, na aweke maelekezo pamoja na vipande. Mwaka 2022 Lego ilikitoa upya chombo cha Galaxy Explorer kikiwa na vipande 1,254, kwa ajili ya watu wazima waliokipenda utotoni. Jambo hilo laonyesha kwamba kinachotafutwa na wengi wa wakusanyaji ni kumbukumbu.

Anga iliyo karibu na nyumbani

Mtoto wa Karagita hahitaji kwenda mbali kuona mitambo inayofanana na ya bunilizi. Chini ya Mlima Longonot kiko kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilichofunguliwa mwaka 1970, chenye sahani kubwa zinazotazama angani. Kusini mwa ziwa, mabomba ya mvuke ya Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi ulianza kuzalishwa mwaka 1981, hupinda na kupanda kati ya miamba mfano wa kituo cha sayari nyingine.

Historia ya anga nayo inaigusa Kenya moja kwa moja. Mnamo Desemba 12, 1970, siku taifa lilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Uhuru, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Setilaiti ya Taifa-1 ilifuata Aprili 15, 2023, ikirushwa kwa roketi ya Falcon 9 kutoka California. Kwa upande wa bunilizi, mwongozaji wa filamu Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi ya Pumzi mwaka 2009, kuhusu ulimwengu ujao ambamo maji yamekwisha na msichana mmoja anahangaikia mche wa mti. Kwa watoto wanaoishi kando ya ziwa, hicho ni kisa wanachoweza kukijenga na kukijadili.

Kati ya vyombo hivyo vyote, kimoja kinaweza kujengwa mezani karibu kwa ukubwa wake halisi. Setilaiti ya kwanza kumilikiwa na Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mnamo Mei 11, 2018, ilikuwa ya aina ya mchemraba wenye upana wa takriban sentimita 10. Vitofali 10 vikipangwa kwenda juu hufikia sentimita 9.6, na vichomozo 12 vikipangwa mstari mmoja navyo hufikia sentimita 9.6.

Kwa hivyo mtoto anahitaji vitofali 100 tu vya vichomozo vinane. Kila safu huchukua 10: vitatu kwa kila upande wa mbele na nyuma, na viwili kwa kila upande wa kushoto na kulia. Safu inayofuata huzungushwa ili maungo yapishane, kama fundi wa mawe anavyofanya anapoinua ukuta. Safu zikifika 10, kuta za setilaiti zimekamilika, na kipande cha karatasi ngumu kilichopakwa rangi ya buluu chaweza kuwa paneli ya jua. Boksi la namna hiyo halitangazwi popote, ilhali linamfunza mtoto vipimo, hesabu na historia ya nchi yake.

Kushirikiana na kubuni

Vitofali si sharti la mtoto kujifunza kwa kucheza. Vituo vya kucheza vya shirika la BRAC nchini Tanzania na Uganda, vilivyoungwa mkono na wakfu wa Lego wenyewe, vimetumia vifaa vingi vilivyotengenezwa na wazazi kutokana na vitu vinavyopatikana karibu. Vizibo vya chupa, katoni na waya wa magari ya kujiundia vimewalea wahandisi wengi wa Kenya. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini Januari 2019, pia huwataka wanafunzi kuunda vifaa kwa kutumia vitu vya mazingira yao.

Familia mbili au tatu za ploti moja zinaweza kuchanga na kununua boksi moja kubwa la vitofali vya kawaida badala ya kila moja kununua boksi dogo la chombo kimoja. Vihifadhiwe katika ndoo yenye kifuniko, vihesabiwe kabla na baada ya kuchezewa, na mtoto mmoja mkubwa apewe jukumu la kuvitunza. Shuka kuukuu likitandazwa chini ya mchezo hurahisisha kukusanya vipande, kwa kuwa huinuliwa kwa pembe zake nne na kumiminwa ndooni, na hakuna kipande kinachobaki sakafuni cha kumkaba mtoto mchanga au kumchoma mguu mtu arudipo kutoka zamu ya usiku.

Mwisho, mzazi asiwe mwepesi kumkemea mtoto anayeivunja roketi aliyonunuliwa kwa pesa nyingi. Ikiwa atakusanya vipande na kuanza upya, pesa hizo hazijapotea.